Kifungulia Makopo

Struan hakuubamiza mlango. Hilo ndilo lililoniuma.
Aliurudisha taratibu, kama anayemwacha mgonjwa usingizini,
akashuka ngazi na begi la raga mgongoni,
mwezi na siku tatu baada ya kutimiza kumi na sita.
Alichukua makoti mawili, chaja, blanketi la kochi,
na kifungulia makopo. Hicho kimoja tulichokuwa nacho.

Usiku ule nilikaa na kopo la maharage mezani.
Nikalitazama, nalo likanitazama.

Polisi wa Hawick alikuwa kijana mwenye mafua.
"Yuko wapi?" Kwa nyanya wa rafiki yake,
juu ya duka la chipsi.
"Yu salama?" Ananuka mafuta ya samaki, lakini salama.
Akafunga daftari. "Basi, mama, huyu hajapotea.
Huyu amehama."

Amehama. Neno la ndege, neno la wapangaji.

Kaka yangu Dougal akapiga simu kutoka Carlisle:
"Tupa jongoo na mti wake, Senga. Badilisha kitasa.
Aliyechagua kuondoka amechagua na njaa."
Siku mbili maneno hayo yalinikaa vizuri mdomoni
kama peremende.
Siku ya tatu yakawa changarawe.

Nikaomba ruhusa kiwandani, nikaiacha mashine
na mkono mmoja wa sweta ukining'inia,
nikapanda hadi kwa wakili wa bure, Bi. Abernethy,
mwenye kikohozi na kalenda ya mwaka jana ukutani.
Nilikuwa na swali moja, nililiuliza nikitazama zulia:
"Je, nimemaliza?"

Akavua miwani.
"Kumburuta arudi, huwezi. Umri wake unamruhusu.
Lakini mlango aliotoka yeye, wewe hukutoka.
Chakula chake na viatu vyake bado vina jina lako,
kwa kadiri ya mfuko wako.
Na la baba yake vilevile, popote alipo."

Popote alipo! Nilicheka hadi karani akachungulia.

Nilitaka anihukumu, au aniachilie.
Hakufanya hata moja. Alinipa karatasi
iliyochapwa upande mmoja; ule mwingine mweupe
niliusoma ndani ya basi, njia nzima.
Nilichomwambia Struan jikoni Jumapili ile
sitakirudia hapa. Hata wakili sikumwambia.
Hakuuliza.

Sasa kila Ijumaa namtumia pauni thelathini na tano.
Benki inakupa nafasi ya maelezo, herufi kumi na nane.
Wiki ya kwanza niliandika: CHAKULA.
Ya pili: CHAKULA NA SOKSI.
Ya tatu niliandika: NISAMEHE KWA YALE.
Zilitosha, na moja ikabaki.
Nikazifuta, nikaandika: VIATU.
Hajibu. Pesa zinapokelewa.

Kifungulia kingine sijanunua. Duka liko karibu,
bei yake haifiki kikombe cha kahawa.
Nafungua kwa kisu, kopo likiwa kwenye sinki,
nimejikata mara mbili.
Karatasi ya Bi. Abernethy haisemi lolote juu ya hilo.

Ijumaa ya nne: MENO JUMATANO.

Alikuja. Amekuwa mrefu, au koti limekuwa fupi.
Tulikaa tukiruka kiti kimoja,
kikakaliwa na begi lake.
Ukutani, samaki wa plastiki walikuwa wakitabasamu
kwa meno ambayo samaki hawana.
Muuguzi akatoka na fomu:
"Mzazi wake ni nani?"

Nikainua mkono, kama mtoto darasani
asiyekuwa na hakika na jibu.

Struan akautazama mkono. Hakusema siye.
Aliitazama plasta kidoleni, kwa muda mrefu.

"Maharage?" akauliza.

"Maharage," nikasema.